Michoro ya Kabatini, Tepu au Mzee wa Mtaani: Uanzie Wapi Kulielewa Jengo la Zamani?

Wanafunzi wa usanifu majengo hapa Kampala wamekuwa wakiniuliza swali hili kwa miaka, na siku hizi huniuliza pia watu walioachiwa nyumba na wazee wao: nikitaka kujua jengo hili lilifikiriwaje, nianze wapi? Tarehe ya kujengwa na jina la mwenyewe hupatikana upesi. Wanachotafuta ni fikra. Kwa nini baraza liko upande huu na si ule? Kwa nini madirisha yamepandishwa karibu na dari? Wazo la kwanza lilikuwa lipi, na kitu gani kililiangusha?

Njia zinazotumika ni tatu. Unaweza kufukua michoro iliyohifadhiwa, unaweza kulipima jengo lenyewe kwa tepu, na unaweza kukaa na watu waliolijenga au wanaolitunza. Nimezitumia zote, na kila moja imewahi kunipa raha na kunipotosha.

Tunalinganisha kwa mambo gani

Jambo la kwanza ni zito kuliko mengine: je, njia hii inaonyesha safari ya wazo au inaonyesha mwisho wake tu? Baada ya hapo nitaangalia upatikanaji, kwa kuwa Uganda karatasi nyingi zimepotea. Kisha gharama na muda, kisha mahali ambapo njia yenyewe hudanganya, na mwisho ni nani inamfaa. Picha za zamani sikuzifanya njia ya nne. Ni msaidizi wa zote tatu, popote utakapozipata zichukue.

Njia ya kwanza: michoro iliyohifadhiwa

*Inachoonyesha.* Jengo lililosimama ni kama jibu la hesabu. Furushi la michoro ni karatasi ambayo hesabu yenyewe ilifanyiwa, pamoja na makosa yaliyofutwa. Ndiyo maana njia hii, ikipatikana, haina mpinzani katika kuonyesha msanifu alipositasita.

Lakini usiombe "ramani ya jengo" tu, kwa sababu jengo moja huwa na michoro ya aina nyingi na haisemi kitu kimoja. Kuna ya mwanzo kabisa, ya penseli, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo hutupwa kwanza. Kuna iliyopakwa rangi na kuwekewa miti na watu ili mteja aridhike. Kuna ya kuombea kibali, yenye mihuri, ambayo huonyesha kile ambacho serikali ilitaka kuona. Kuna ya ujenzi, yenye vipimo vya kila kizingiti, iliyokwenda saiti na kurudi na alama za vidole vya saruji. Atakaye kujua fikra aombe ya kwanza na ya mwisho, kisha aziweke pamoja mezani.

Ukiwa na karatasi mbele yako, anzia kona ya chini kulia. Pale kuna kisanduku cha maelezo: nani alichora, nani alikagua, tarehe gani, na orodha ya marekebisho yenye herufi A, B, C. Orodha hiyo ndiyo shajara ya jengo. Karatasi yenye marekebisho mengi kwenye ngazi inakuambia kwamba ngazi ndiyo iliyomnyima mtu usingizi. Kisha inamisha karatasi ili mwanga uipige kutoka pembeni. Wachoraji wa zamani walichora kwa wino kwenye karatasi angavu au kwenye kitambaa kilichopakwa wanga, na walipokosea waliukwangua wino kwa wembe. Mahali palipokwanguliwa hubaki na usugu, na mara nyingi mstari wa kwanza bado unaonekana kama kovu.

Niliwahi kufungua furushi la michoro ya nyumba ya mwalimu, ya mwaka 1956, katika shule moja karibu na Tororo. Baraza la upande wa magharibi lilichorwa kwanza futi 5, likakwanguliwa, likachorwa upya futi 8. Pembeni mtu alikuwa amechora kwa penseli mstari wa jua la alasiri ukiingia hadi kitandani, kisha mstari wa pili, baada ya paa kurefushwa, ukiishia kwenye kizingiti cha dirisha. Hakuandika neno hata moja. Nilikaa na karatasi ile nusu saa nikijihisi nimesimama nyuma ya bega lake. Uweke akilini kwamba nyumba yenyewe nilikuwa bado sijaiona. Nitairudia hapa chini.

Kama una nafasi ya kusoma mchoro mmoja tu, soma wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo likiwa limepasuliwa kama papai. Mwonekano wa mbele ni uso wa kumpendezesha mteja. Katika mkato ndimo utakapoona hewa ilipangiwa kuingilia wapi, mvua ya Machi imwagikie wapi, na joto la mabati litolewe vipi kabla halijamfikia aliyelala.

*Upatikanaji.* Hapa ndipo penye jasho. Majengo ya serikali yana jalada, na mahali pa kuanzia ni hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyoko Wandegeya. Kwa nyumba za Kampala jaribu masijala ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji. Mikoani, ofisi za wilaya. Usisahau makanisa, misikiti, shule na hospitali za misheni, ambao mara nyingi wametunza karatasi zao vizuri kuliko ofisi za umma. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Andika barua, taja kiwanja na miaka unayoikisia, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa majengo yenye ulinzi, kama Bunge, tarajia kukataliwa.

Michoro mingine haiko nchini kabisa. Kanisa kuu la Namirembe, lililokamilika mwaka 1919 baada ya lile lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910, lilisanifiwa na Temple Moore, Mwingereza aliyefanyia kazi zake London. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililofunguliwa pale Kitante mwaka 1954, ni kazi ya Ernst May, yule Mjerumani aliyepanga makazi mapya ya Frankfurt kabla ya kuhamia Afrika Mashariki na baadaye kupanga upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. Anayefuatilia mawazo ya watu kama hawa huishia kuandikia hifadhi za Uingereza na Ujerumani. Yanauma, kwamba mtoto wa Kampala aombe ruhusa Ulaya ili ajue mtaa wake ulifikiriwaje, lakini barua pepe haina nauli, na wahifadhi wengi hujibu kwa moyo.

*Gharama na muda.* Fedha ni kidogo: nauli, barua, nakala. Kinacholiwa ni muda. Panga wiki kadhaa kwa barua na majibu, na siku za kurudi mara ya pili na ya tatu. Karatasi kubwa ukiruhusiwa kuipiga picha kwa simu, ilaze chini, weka rula pembeni yake, piga vipande vinne vinavyoingiliana, bila mwanga wa flashi. Nakala za zamani za michoro, zile za rangi ya buluu, hufifia kwa mwanga, nasi tuna deni kwa watakaoifungua baada yetu.

*Inapodanganya.* Mchoro ni nia. Hausemi kama nia ilitimia. Jina kubwa lililo chini mara nyingi ni la mkuu wa ofisi, na mkono uliochora ulikuwa wa kijana ambaye amebakiza herufi mbili tu za jina lake. Halafu kuna mtego wa vipimo. Michoro ya kabla ya mita kutumika hapa ilichorwa kwa futi na inchi, na kiwango cha sehemu ya nane ya inchi kwa futi moja ni sawa na 1:96, yaani jengo ni kubwa mara 96 kuliko mchoro. Ukiisoma kwa rula ya 1:100, ukuta wa mita 9.6 utausoma mita 10, na makosa hayo yatakufuata hadi ukurasa wa mwisho wa kazi yako. Nakala za mashine nazo huvutika. Amini tarakimu zilizoandikwa; urefu wa mstari uuache.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi mwenye muhula mzima, mtafiti, na zaidi ya wote msanifu chipukizi anayetaka kujifunza kusanifu kwa kuwatazama wengine wakikosea na kujirekebisha.

Njia ya pili: kulipima jengo lenyewe

*Inachoonyesha.* Tepu inakuonyesha kilichoshinda. Wazo lililokufa njiani halina kipimo. Hata hivyo ukuta una maneno mengi kwa anayejua kuusikiliza. Ukikuta vyumba vya mita 3.66 na 4.27, usishangae namba hizo mbovu. Ni futi 12 na futi 14 kamili, na sasa unajua msanifu alihesabu kwa lugha gani. Ukikuta ukuta mmoja mnene kuliko wenzake ndani ya nyumba, uliza kama hapo zamani palikuwa nje. Plasta iliyopasuka kwa umbo la mstatili ni mlango uliozibwa. Basilika ya mashahidi wa Namugongo, iliyotabarukiwa mwaka 1975, haihitaji karatasi ili ikuambie wazo lake kuu: Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi, alichukua umbo la nyumba ya asili na kulisimamisha juu ya nguzo 22 za shaba, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki. Hilo utalihesabu mwenyewe ukizunguka. Namna alivyofika hapo, na maumbo mangapi aliyaacha njiani, hilo tepu haitakuambia.

*Upatikanaji.* Jengo lipo, ndiyo faida yake. Tembea barabara kuu ya mji wa Jinja ukiinua macho: maduka ya Wahindi yana mwaka na majina yaliyoumbwa kwa plasta kwenye ukuta mfupi wa juu unaoficha paa. Wenye maduka hayo walipewa siku 90 waondoke mwaka 1972, na sidhani kama kuna aliyeweka furushi la ramani kwenye sanduku lake la safari. Kwa majengo kama hayo ukuta ndio hifadhi yenyewe. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba na umfahamishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kabla hujafungua tepu. Watu wanaopima nyumba bila kueleza hudhaniwa wamekuja kuuza ardhi, na kwa yanayotokea nchini siwalaumu wanaodhani hivyo.

*Gharama na muda.* Nyumba ndogo ni kazi ya siku moja kwa watu wawili au watatu, wenye tepu ya mita 30, ngazi na daftari. Kipima umbali cha leza kinarahisisha. Pima kona kwa kona kila chumba, kwa maana vyumba vya mraba kamili ni adimu.

*Inapodanganya.* Jengo la miaka 70 limepita mikononi mwa wengi, na linaweza kukupa wazo la fundi wa mwaka 1985 ukamsifu nalo msanifu wa 1950. Nilipofika kwenye ile nyumba ya Tororo na kupima baraza, nilipata futi 6. Si 5 za mwanzo, si 8 za baada ya wembe. Jua la alasiri lilikuwa linaingia hadi kitandani, karibu sawa na ule mstari wa penseli uliokataliwa. Kwa tepu peke yake ningeandika kwamba msanifu hakulifikiria jua.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba anayetaka kukarabati, na yeyote ambaye jengo lake liko hatarini. Mwaka 2009 CyArk, shirika linalohifadhi urithi kwa vipimo vya kidijitali, lilisimamia kupimwa kwa makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, kwa miale ya leza. Tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya hapo, iliteketea. Vipimo vile vilibaki.

Njia ya tatu: waliojenga na wanaotunza

*Inachoonyesha.* Sababu. Mchoro unasema futi 8, tepu inasema 6, na ni mtu tu awezaye kukuambia kilichotokea katikati. Jirani wa ile shule alikuwa mzee aliyefanya kazi reli ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha reli. Baba yake alikuwa seremala wa nyumba zile, naye akiwa mtoto alibeba maji ya kuchanganyia saruji. Nilimtandikia nakala ya mchoro juu ya mkeka.

"Mzee, hapa wameandika futi nane. Mbona nimepima sita?"

Aliutazama muda mrefu. "Mwanangu, mbao zilikuja fupi. Na mvua ilikuwa imeanza. Baba alisema tupaue hivyohivyo."

Basi. Hakuna hifadhi duniani ambayo ingenipa sentensi hiyo.

Kuna pia majengo ambayo watu ndio mchoro wake. Kasubi ilijengwa mwaka 1882 bila ramani ya msanifu. Nyumba ya duara yenye kipenyo cha mita 31, paa lenye pete 52 kwa koo 52 za Buganda, na elimu ya kuezeka ikiwa mikononi mwa ukoo wa Ngeye, baba akimfundisha mwana kwa kumpandisha juu ya paa. Ilipoungua, leza iliweza kurudisha umbo. Namna ya kufunga nyasi ilibidi itoke kwa watu. Anayedhani kwamba palipokosekana karatasi palikosekana usanifu na akae chini ya paa lile aangalie juu.

*Upatikanaji.* Ni rahisi kuliko ofisi yoyote, lakini unapungua kila msimu wa mazishi. Waliokuwa vijana saiti wakati wa uhuru, mwaka 1962, sasa wana miaka zaidi ya themanini. Hata mlinzi wa jengo ni mtaalamu: ndiye anayejua dirisha lipi huingiza mvua na mlango upi haujawahi kufungwa tangu aajiriwe.

*Gharama na muda.* Sukari na sabuni za kumpelekea mwenyeji, na subira. Ziara ya kwanza ni ya salamu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Usimuulize "walirefusha baraza kwa sababu ya jua?", kwa kuwa mzee mwenye adabu atakukubalia ili asikuvunje moyo. Muulize mbao zilitoka wapi, mchanga nani aliusomba, walikula wapi mchana. Sababu za usanifu zitajileta zenyewe ndani ya majibu hayo.

*Inapodanganya.* Tarehe na majina. Mzee yuleyule aliniapia kwamba nyumba ilijengwa kabla ya vita ya Hitler, wakati karatasi ilikuwa na mwaka 1956. Mikono yake ilikumbuka mbao kuliko kalenda. Pia kila mtu huikuza kazi ya baba yake, jambo ambalo sioni vibaya ila ulijue. Na fundi atakuambia ya saiti. Yaliyojadiliwa ofisini hakuwepo.

*Inamfaa nani.* Walimu wenye vikundi vya urithi shuleni, wanahistoria wa mitaa, na mtu yeyote anayechunguza jengo la asili.

Uchague kwa hali yako

*Una muhula mmoja na lazima uandike kuhusu jinsi msanifu alivyofikiri.* Peleka barua ya michoro wiki ya kwanza kabisa, na wakati unasubiri majibu pima jengo. Jipe tarehe ya kukata tamaa. Ikifika bila michoro, badili swali la kazi yako liwe "jengo limebadilikaje", kwani swali hilo tepu na watu wanalimudu.

*Umeachiwa nyumba na babu na paa linavuja.* Anza na tepu, kisha kaa na mashangazi. Michoro itakusaidia kama unaweza kuipata kwa urahisi, hasa kujua mabomba na mashimo ya maji taka yalipopita, lakini usicheleweshe paa kwa ajili ya masijala. Ukipata michoro na ukataka kuijenga tena mahali pengine, kumbuka kwamba kazi ya usanifu inalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006.

*Wewe ni msanifu kijana na hutafuti historia. Unataka kuwa bora kazini.* Michoro, bila shaka yoyote. Chagua jengo moja unalolipenda na usome marekebisho yake yote kwa mpangilio, kisha ulichore upya mkato wake kwa mkono wako. Na kwa ajili ya atakayekutafuta mwaka 2080, usihifadhi faili la mwisho peke yake. Kompyuta haiachi kovu la wembe. Kila unapobadili jambo kubwa, hifadhi toleo lenye tarehe, chapisha moja kwenye karatasi, na uandike kwa kalamu kwa nini ulibadili.

*Jengo halikuwahi kuwa na ramani.* Watu kwanza, tepu baadaye, na mzee awepo unapopima. Atakusahihisha majina ya sehemu za nyumba, na kila jina kwa Kiganda, Kiacholi au Kinyankole hubeba kazi ya sehemu hiyo.

*Michoro na jengo vinapingana.* Usiharakishe kuamua kipi ni cha kweli. Mahali hapo ndipo pa kumpeleka mtu wa tatu, na ndipo nimepata mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

*Jengo limeshazungushiwa mabati na tingatinga limeegeshwa.* Nenda kesho asubuhi na tepu na simu yenye chaji. Omba mkandarasi akuruhusu saa mbili tu. Pima nje, pima mkato mmoja, piga picha kila chumba kutoka kona mbili, kisha panda darini kabla paa halijashushwa, kwa sababu kwenye boriti na kenchi maseremala huacha namba zao za kuunganishia, na pengine jina.